Uwanja wa mbele: shajara ya masika moja

Jumamosi, 15 Februari

Leo nimeupima uwanja wa mbele. Mita 12 kwa 9, kutoka kibarazani hadi kwenye michongoma ya geti. Ni mita za mraba 108, na kwa jicho langu zenye nyasi zinazoishi hazifiki nusu. Kwingine ni udongo mtupu, nyasi zilizokufa zenye rangi ya gunia, na magugu ya ndago. Ndago ndizo pekee zilizoneemeka.

Chanzo tunakijua wote hapa nyumbani. Mwezi wa kumi na moja tulimzika baba. Turubai mbili zilikaa hapa siku tisa, chini yake viti vya plastiki ambavyo hakuna aliyevihesabu, na barabara ilipojaa magari mtu mmoja mwenye huruma akafungua geti wengine waegeshe ndani. Vuli ilikuwa inanyesha. Kila gurudumu lililoingia lilishindilia tope, kisha Januari ikaja na jua lake, tope likaiva kama tofali.

Karibu na ukuta wa jirani kuna duara jeusi, upana wake hatua mbili. Hapo ndipo yalipokuwa mafiga. Kina mama walipika pale usiku na mchana.

Mama anataka tulime mboga. "Nyasi utazila?" ameniuliza. Tumekubaliana hivi: anipe masika hii moja. Mwezi wa sita ukifika na uwanja bado ni kipara, patapandwa mchicha na matuta nitayapiga mimi mwenyewe.

Jumapili, 16 Februari

Kabla ya kununua chochote nimefanya vipimo viwili vya bure.

Cha kwanza ni bisibisi ndefu. Nyuma ya nyumba, karibu na simtanki, ambako nyasi ni nzuri na hakuna gari lililofika, inazama mpaka kwenye mpini kwa mkono mmoja. Palipoegeshwa magari imeingia sentimita tatu ikagoma. Nimeiegemea kwa uzito wote, ikapata nne.

Cha pili ni kopo la maziwa ya unga nililolikata kitako likabaki bomba. Nimelishindilia kidogo ardhini, nikalijaza maji, nikatazama saa. Kwenye simtanki maji yalikwisha kwa dakika sita. Kwenye magari, baada ya saa nzima, zaidi ya nusu bado yalikuwa yananitazama, na nzi mmoja ameshazama humo.

Kwa hiyo uwanja huu haukufa kwa njaa. Nilikuwa tayari nimeshaandika "mbolea" juu kabisa ya orodha ya manunuzi. Nimeifuta nikaishusha chini. Mzizi unahitaji hewa na njia ya kupita. Mbolea juu ya tofali ni pesa inayosubiri kusombwa na mvua ya kwanza hadi mtaroni.

Jumatano, 19 Februari

Jioni ya kusoma. Nusu ya ushauri ninaoupata umeandikiwa watu wenye majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka, ngoja udongo upate joto, mwaga mbegu. Udongo wa Arusha haujapoa kiasi cha kuua nyasi tangu nizaliwe. Kinachosubiriwa huku Machi ni maji. Lakini nimegundua kwamba kila palipoandikwa "ngoja udongo upate joto" nikisoma "ngoja udongo ulowe", mengine yanakaa sawa: lainisha kwanza, ziba vipara mapema, usikate fupi mwanzoni, mbolea kidogo kidogo.

Kalenda yetu nayo ina mwisho wake. Masika ni Machi hadi Mei, Aprili ndiyo kilele. Juni na Julai mawingu yanashuka, baridi inaingia, na nyasi zinapunguza mwendo. Chochote nitakachopanda lazima kiwe kimeshika mizizi kabla ya hapo.

Jumamosi, 22 Februari

Mzee wa nyumba ya tatu alitunza bustani za watu maisha yake yote. Nimempitia asubuhi, shikamoo, marahaba, akachukua fimbo yake tukaja wote.

Mimi nilidhani nina nyasi za aina moja. Amechuchumaa, akang'oa majani mawili, akaniwekea kiganjani. La kwanza lilikuwa jembamba, kijani chenye ubluu kwa mbali, na kwenye kikonyo vidole vitano vya mbegu vimechanua kama mguu wa kuku. "Huu ukoka." La pili lilikuwa pana kidogo, kijani cha njano, lina vinywele unavyovisikia kwa kidole gumba, na mkono wake unaotambaa ni mnene kama waya wa umeme. "Hii kikuyu. Hii ndiyo baba yako alipanda."

Jina limetokana na Wakikuyu, na asili ya nyasi zenyewe ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku zimepelekwa Australia, Afrika Kusini, California, na kwingine zimeshamiri hadi zikahesabiwa magugu. Katika jina lake la kisayansi kuna neno *clandestinus*, la Kilatini, yaani ya siri, kwa sababu ua lake limejificha ndani ya ala za majani. Mzee hajui Kilatini lakini jambo lenyewe analijua: "Ukikata mara kwa mara, asubuhi utaona nyuzi nyeupe kama za pamba. Ndiyo maua yake."

Uamuzi: kikuyu kotekote, kwa sababu tayari ipo na kule kwenye simtanki ina afya. Ukoka ungestahimili ukame vizuri zaidi, lakini ukivichanganya kwenye udongo wenye rutuba na maji ya kutosha, kikuyu itaulalia. Mbegu sihitaji. Nitachukua mikono yake inayotambaa, nikate pingili, nipande kama mtu anayepanda majani ya ng'ombe.

Amesema kitu kimoja zaidi wakati anaondoka: hapo chini ya mparachichi nisijisumbue. Sikumwamini.

Jumamosi, 1 Machi

Nimepinda uma wa bustani.

Nilianza saa moja asubuhi kwenye udongo mkavu, nikapanda juu ya uma kwa miguu yote miwili, jino moja likageuka kama ndoana. Kwa kweli ningetazama namba yangu mwenyewe ya sentimita tatu nisingejaribu. Jioni nimefungua mpira wa maji polepole kwenye eneo la magari, nikauacha utiririke mpaka mtungi wa juu ulipofika robo. Mama alikuwa dirishani. Hakusema kitu, ila wiki hii maji ya bomba yametoka siku mbili tu, na wote wawili tunajua hesabu.

Jumapili, 2 Machi

Udongo umekubali. Uma (wa kuazima, wenye meno manne) unaingia sentimita 12. Unauchoma wima, unauvuta mpini kuja kwako kidogo tu mpaka usikie ardhi inapasuka chini kwa chini, unauchomoa, unasogea kisigino kimoja. Usigeuze udongo, hatulimi. Nahesabu mchomo 25 kwa kila mita ya mraba. Eneo bovu ni kama mita 60, kwa hiyo mara 1,500. Leo nimefika 600 hivi, mikono ikakataa.

Kitu nilichokiona kwa karibu: baadhi ya mashimo yalipofunguka yalitoa harufu, kama ya mtaro. Ni udongo uliokosa hewa tangu Novemba. Na kwenye kipande kimoja kilichobanduka, mizizi ya nyasi zilizokufa ilikuwa imeteremka sentimita tatu ikagonga tabaka gumu, ikakunja kona ikaenda kwa ubavu, kama maji kwenye sakafu.

Jumamosi, 8 Machi

Michomo imeisha. Kirikuu imeleta mchanga wa mto, na viroba sita vya samadi iliyooza vimetoka kwa mfugaji wa huku juu. Samadi ni lazima iwe imeoza kweli: ukiifinya haina joto wala harufu kali, na huoni tena majani ya malisho ndani yake. Nimechanganya mchanga sehemu mbili kwa samadi sehemu moja. Unene wa sentimita moja juu ya mita 60 ni lita 600, yaani toroli kumi na kitu, kisha nimesukuma kwa mgongo wa reki mpaka mchanganyiko ukazama kwenye mashimo. Hiyo ndiyo kazi ya mchanga hapa: kuyazuia mashimo yasijifunge tena.

Nimerudia kopo. Dakika 14. Siyo sita za kwenye simtanki, lakini nzi wa leo asingepata muda wa kuzama.

Jumanne, 11 Machi

Imenyesha. Imeanza saa kumi usiku, bati likapiga kelele mpaka alfajiri. Nimetoka na tochi kuangalia madimbwi. Lipo moja tu, kwenye duara la mafiga, na maji yamesimama pale kama vishanga, hayataki kuingia.

Jumapili, 16 Machi

Hapa naandika kosa langu, maana nimeshatafuta wa kumlaumu nikakosa.

Ijumaa niliona nyasi zilizobaki zimeanza kijani baada ya mvua, nikaona huu ndio wakati wa mbolea ya urea. Hesabu nilikuwa nayo: urea ina naitrojeni asilimia 46, na nilitaka gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, ambayo ni kama gramu 11 za urea, kijiko kimoja cha chakula. Hesabu nzuri. Kisha kijiko nikakiacha jikoni. Nikarusha kwa mkono, alfajiri, umande ukiwa juu ya majani, nikaoga nikaenda kazini nikitegemea mawingu niliyoyaona yatanyesha.

Hayakunyesha. Jua lilitoka saa tatu. Leo uwanja una alama za mkono wangu, nusu duara baada ya nusu duara za kahawia, unaweza kuhesabu niliporusha mara ngapi na kujua kwamba natumia mkono wa kulia. Punje zilinata kwenye umande zikaunguza jani pale pale.

Mama ametoka na chai, akatazama, akasema, "Mchicha hauna mambo haya."

Nimemwagilia kwa keni ndefu, pole pole, kushusha urea chini. Mzee anasema mikono ya chini haijafa, itarudi yenyewe. Mara ijayo: kijiko, majani makavu, kisha maji papo hapo, au mvua ikiwa imeshaanza kudondoka kichwani.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kupanda. Kule kwenye simtanki nimevuta mikono ya kikuyu, mingine ina urefu wa mkono wangu. Nimeikata pingili zenye vifundo vitatu. Mzizi na chipukizi hutoka kwenye kifundo, kwa hiyo pingili ya kifundo kimoja ni kamari, ya vitatu ina akiba. Nimezitunza kwenye ndoo chini ya gunia bichi. Nusu saa ya jua inatosha kuzinyausha.

Nimechora mifereji kwa ncha ya kijembe, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Vifundo viwili vinafukiwa, cha tatu na majani yake vinachungulia nje. Kisha unakanyaga mstari kwa uzito wa kawaida ili udongo ushikane na pingili. Kijana aliyekuja kunisaidia alinicheka: wiki tatu nalainisha, leo nakanyaga. Nikamwambia, "Kaka, mguu wako siyo Fuso."

Tumezungushia kamba yenye vitambaa. Hakuna kupita. Kuku wa jirani hawasomi vitambaa.

Jumamosi, 29 Machi

Pingili zimenyauka zote. Zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sijisikii kuandika.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimechimbua moja kwa kidole. Jani kavu, lakini kwenye kifundo cha chini kuna mzizi mweupe wa urefu wa punje ya mchele, na kando yake ncha ya kijani kama sindano. Nimeifukia haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kumbe kuna mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kila siku. Mistari inaonekana hata kutoka barabarani. Nusu duara za urea zimeanza kufunikwa kutoka pembeni.

Mafiga. Tangu mwanzo nilitaka kuyachimba, na mama alisema, "Hapo paache kwanza." Nikapaacha, wala sikuuliza. Leo nimerudi kutoka sokoni nikamkuta amepiga magoti juu ya kanga kuukuu, ana kijembe, ndoo mbili zimejaa mkaa na udongo mweusi. Nikaleta koleo tukaendelea bila kuongea sana.

Sehemu ile ina matatizo matatu yaliyolaliana. Moto umechoma mboji yote, majivu yamefanya udongo uwe na magadi mengi, na mafuta ya sufuria yaliyomwagwa siku zile yameufanya ukatae maji. Ukitia maji juu ya bonge lake, yanabingirika. Hakuna cha kutibu. Tumetoa sentimita 20 za juu, toroli nne, tukarudishia udongo wa nyuma ya nyumba na samadi.

Chini kabisa mama ameokota kijiko cha kupakulia, mpini umepinda kwa moto. Ameufuta kwenye kanga. "Cha shangazi yako. Alikitafuta mpaka siku ya kuondoka." Kimewekwa juu ya kabati. Pingili za pale amezipanda yeye, mistari yake imenyooka kuliko yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, na ukataji wa kwanza. Kwa kawaida hukata kijana wa fyekeo, anayenyoa mpaka ngozi, na wateja wanampenda kwa hilo kwa sababu harudi upesi. Nimeazima mashine ya kusukuma. Nyasi zilikuwa sentimita 9, nimekata hadi 6. Ukiondoa zaidi ya theluthi kwa mkupuo mmoja unaziacha bila majani ya kujilishia, na mizizi michanga ndiyo inayolipa.

Baada ya mistari miwili nikaona weupe kwenye ncha. Nikachuma jani: halikukatwa, limechanwa, nyuzi zinaning'inia kama pindo la kitambaa kilichoraruliwa. Kisu butu. Nikaenda kwa fundi wa kunoa, nikarudi, nikamalizia. Tofauti inaonekana hata ukiwa umesimama.

Jumapili, 11 Mei

Ndago. Nilikuwa nikizing'oa kwa mkono nikijisifu. Leo nimechimba moja kwa utaratibu, kwa kisu cha jikoni. Shina lina pembe tatu, unalisikia ukilisokota kati ya vidole. Chini yake kiazi cheusi kidogo kuliko karanga, kutoka hapo uzi, kiazi cha pili, uzi, cha tatu, sentimita 15 kwenda chini. Ukivuta jani, uzi unakatika na kila kiazi kinajitegemea. Maana yake, tangu Februari nimekuwa nazizalisha.

Sasa nachimba kila moja na mkufu wake wote, dakika ishirini kila jioni, siendi zaidi ya hapo. Viazi naweka kwenye kopo la bati na kuvianika juani mpaka vigonge kama kokoto. Kwenye shimo la mboji havitupwi. Sitazimaliza mwaka huu. Nyasi zikisongamana zitazinyima mwanga, na hilo ndilo ninalolitegemea kuliko kisu.

Jumamosi, 24 Mei

Mzee alikuwa sahihi kuhusu mparachichi. Pingili nilizopanda chini yake zilitoa chipukizi refu, jembamba, la njano, zikaishia hapo. Nilipunguza matawi ya chini, nikapanda tena, zikafa tena. Kivuli cha mchana kutwa, na mizizi ya mti inakunywa kwanza. Nimesalimu amri: kokoto, benchi la zamani la baba lililokuwa stoo, basi. Kusema kweli ndiyo sehemu nzuri kuliko zote sasa.

Pembeni mwa ukuta nimechimba mfereji wa sentimita 15 ili kikuyu isivuke kwenda kwenye mboga za jirani. Itavuka tu siku moja, lakini isiwe mwaka huu.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi imeanza, asubuhi mawingu yanagusa michongoma. Vipimo vya mwisho: bisibisi inaingia sentimita 13 palipokuwa na magari. Kopo ni dakika 8. Vipara vitatu vimebaki, kikubwa hakizidi meza. Mashine sasa nimeiweka sentimita 4. Kwenye kona ya kibaraza, wiki moja baada ya kukata, leo nimeona nyuzi nyeupe za mzee, mamia, zina umande, na saa nne hazikuonekana tena.

Kamba nimeiondoa wiki iliyopita. Mama anatoa kiti chake jioni, anakiweka palipokuwa na mafiga, kila siku anakisogeza kidogo ili miguu ya kiti isikae mahali pamoja. Mchicha hajautaja tena.

Leo mchana shangazi amepiga simu kupanga ibada ya mwaka mmoja, Novemba. Spika ilikuwa wazi, nilikuwa napaka grisi kwenye mashine nikasikia yote. Shangazi alikuwa akiorodhesha: turubai mbili, viti, wageni wa kutoka Moshi na magari yao.

"Turubai moja," mama akasema. "Tutaiweka kule nyuma. Na magari yote yatabaki nje ya geti, wifi, hata la padri."

Kimya kidogo upande wa pili.

"Na kijiko chako nimekipata."